Tarehe ya Katikati

Tuliposhuka kwenye basi la kutoka Namanga, mimi na mke wangu, waumini waliotumwa kutupokea walitupita. Walikuwa wanatafuta wazungu. Wazee wa misheni waliowazoea walikuwa Wamarekani, mume na mke wenye nywele nyeupe na viatu vya kupandia mlima, na hakuna aliyewaambia kwamba safari hii wanaletewa Wakamba wawili kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilisimama kando ya mabegi na beji yangu nyeusi kifuani mpaka mmoja wao akarudi, akaisoma, akanitazama usoni, akaisoma tena. "Shikamoo, Mzee," akasema. "Karibuni sana Arusha." Aliisema vizuri, lakini niliona amevunjika moyo kidogo, na mimi nikanuna mpaka jioni.

Kanisa letu watu huliita la Wamormoni. Wamisionari wake wengi ni vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, nao kwa cheo huitwa Mzee, kwa hiyo nilifika miaka sitini na saba ndipo nikaanza kuitwa jina moja na watoto wanaonyoa ndevu mara moja kwa wiki. Lakini wapo pia wastaafu, mume na mke, wanaojitolea miezi kumi na minane katika nchi ya watu. Sisi tulipangiwa Arusha. Tulipewa nyumba ya kupanga Engutoto, yenye tangi la maji na mbwa wa jirani aliyetuchukia tangu siku ya kwanza.

Nchi ya kigeni, lakini kwa basi ilikuwa mwendo wa saa chache kutoka kwangu. Watu walikula ugali, walilalamikia mvua, walipenda mpira. Kilichonishinda ni adabu. Kwetu mtu akitaka chumvi husema nipe chumvi, akapewa. Kule mtu huomba. Huomba chumvi, huomba kupita, huomba kuuliza, kisha ndipo aulize. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Mke wangu alijifunza wiki ya kwanza tu, maana yeye alikuwa muuguzi na wauguzi huzoea kuomba radhi kabla ya kuchoma sindano. Mimi sikujifunza, na yote ninayosimulia hapa yametoka huko.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya wilaya. Miaka thelathini na miwili. Aliyezaliwa alipita mezani kwangu, aliyekufa akapita, nami nikawapa tarehe zao mbili, ya kuingia na ya kutoka. Nilikuwa mkali. Mtu akija bila barua ya chifu nilimrudisha, hata kama ametembea tangu alfajiri. Sahihi ikikosekana nilimrudisha. Mama mmoja aliwahi kulia mbele ya dirisha langu kwa sababu jina la marehemu mumewe lilipishana herufi moja na la kitambulisho, na sikulegea. Nilijiona mwadilifu. Mke wangu alikuwa akisema hata nikifika mbinguni nitamdai malaika barua ya chifu.

Ndiyo maana nilipokabidhiwa kazi ya majina nilifurahi kama mtu aliyerudishwa ofisini. Nieleze kidogo. Sisi tunaamini kwamba aliyekufa bila kubatizwa katika kanisa letu anaweza kubatizwa bado. Mtu hai wa ukoo wake, au wa kanisani, huingia majini hekaluni kwa niaba yake, na marehemu huko aliko ana hiari ya kukubali au kukataa. Lakini lazima jina lijulikane, na tarehe, na nani alimzaa nani. Basi wapo wanaowasaidia waumini kukusanya majina ya wazee wao, na pale Arusha nikawa mimi.

Aliyenifuata wa kwanza alikuwa fundi wa kushona wa Kaloleni, binti wa miaka kama thelathini. Alipanga chumba karibu na uwanja wa mpira, cherehani mlangoni na kitanda nyuma ya pazia, akishona sare za shule. Alikuwa amebatizwa kwetu mwaka uliotangulia, peke yake katika ukoo mzima wa Walutheri, na hamu yake ilikuwa moja.

"Mzee, babu ndiye aliyenilea," aliniambia. "Nimpeleke yeye kwanza. Sitaki kufika kule nimkose."

"Unazijua habari zake? Baba yake, mama yake?"

"Mimi sijui kitu. Anayejua ni bibi. Yuko Akheri. Ukimkuta siku nzuri anakupa ukoo wote mpaka yule wa kwanza."

Basi kila Alhamisi tukawa tunashuka Tengeru, mimi na mke wangu, tunachukua bodaboda mbili kupanda Akheri. Kule juu baridi ilikuwa ya kweli. Barabara ilipita katikati ya migomba na kahawa, mifereji ya maji ya mlimani ikikimbia pembeni, na siku ambazo wingu liliinuka, mlima Meru ulitokea wote kwa ghafla, karibu kuliko ulivyotegemea. Bibi aliishi kwenye nyumba ya matofali yenye baraza, ng'ombe mmoja bandani, na mbwa ambaye, tofauti na yule wa Engutoto, alikuwa na heshima. Alikuwa amepita miaka themanini. Alivaa sweta la kijani lililofungwa vifungo vyote, na macho yake yalikuwa mazima kabisa.

Siku ya kwanza, kabla hatujaketi sawasawa, aliuliza.

"Nimesikia ninyi mna miiko yenu. Naomba mniambie mapema, nisije nikawakosea."

Mke wangu akamweleza kwamba hatunywi pombe, wala chai ya majani, wala kahawa. Bibi akageuka akatazama shamba lake la kahawa lililoanza hatua kumi kutoka barazani, akacheka mpaka akafuta macho.

"Basi mmekuja kuketi katikati ya dhambi," akasema. "Na maziwa je?"

Maziwa tulikunywa. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, chupa ya chai ilikuwa mezani ikitungoja na ndani yake maziwa matupu ya moto, na vikombe viwili vimefunikwa kwa kitambaa. Hakusahau hata mara moja. Naomba jambo hilo likumbukwe.

Alikuwa na majina kichwani kama wengine walivyo na nyimbo. Aliyatoa huku akimenya ndizi, mke wangu akimsaidia, mimi nikiandika. Huyu alimzaa huyu na huyu, huyu alikufa mdogo, huyu alikwenda akaolewa upande wa Umasaini hakurudi. Alhamisi iliyofuata nilimjaribu, karani ni karani, nikamrudisha nyuma kwenye majina ya wiki iliyopita kwa kuyapindua makusudi. Alisimamisha kisu.

"Wewe baba, umemweka mtoto juu ya mama yake. Rekebisha."

Alipenda kunichokoza. Nikisema bibi, nipe na la mkewe, alijibu, "Ninyi Wakenya hamjui kuomba. Mnachukua tu kama mvua inavyochukua daraja." Mke wangu alicheka. Mimi pia nilicheka.

Mara moja aliniuliza, bila kuacha kumenya, "Na haya majina mnayaandika ya nini?"

"Ili yasipotee, bibi," nikasema.

Ilikuwa kweli. Ilikuwa nusu ya kweli, nami nilijua nusu nyingine nimeiacha wapi. Mke wangu alininyanyulia macho. Bibi akasema, "Ni vizuri. Watoto wa siku hizi hawaulizi," akaendelea na ndizi yake.

Kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya nyumba, ukingoni mwa migomba, limewekewa vigae vyeupe na kuzungushiwa mimea ya masale. Nilikwenda peke yangu na daftari. Juu ya jiwe palikuwa na jina, na chini yake mistari mitatu: kuzaliwa, kubatizwa, kufariki, kila mmoja na tarehe yake. Daftari langu nilikuwa nimelichora mwenyewe nyumbani kwa rula, na nilikuwa nimechora safu mbili, kama nilivyozoea maisha yangu yote. Nikanakili ya kwanza, nikanakili ya tatu. Ya katikati niliiona. Niliisoma mpaka mwisho, siku na mwezi na mwaka, kisha nikafunga kalamu kwa sababu haikuwa na mahali pa kukaa.

Safari ya hekaluni ilikuja ghafla. Zamani watu wa Arusha walilazimika kwenda mpaka Afrika Kusini, sasa hekalu lipo Nairobi, na waumini walikuwa wamepanga basi Jumamosi. Fundi wangu alikuwa amefunga kazi yake wiki nzima. Majina ya wazee wa zamani yalikuwa tayari. La babu lilikuwa na sharti. Kwa marehemu ambaye si wa zamani sana, lazima ndugu wa karibu zaidi aliye hai atoe ruhusa. Mke kwanza, kama yupo. Baada yake ndipo watoto na wengine. Nililijua sharti hilo kwa moyo. Nilikuwa nimelifundisha darasani, nikiwa nimesimama.

Alhamisi ile ilinyesha, bodaboda wakakataa kupanda. Tukarudi Engutoto. Ijumaa niliketi mbele ya kompyuta, na kompyuta ikaniuliza swali lake: ruhusa imepatikana?

"Umemuuliza bibi?" mke wangu akasema nyuma yangu.

"Mjukuu mwenyewe ndiye anayeomba."

"Mjukuu si mke."

"Na mvua hii?"

"Ana simu."

Alikuwa na simu, kiswaswadu chenye vitufe vikubwa, na namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye jalada la daftari langu. Sikupiga. Ningeweza kusema ni haraka, lakini nimezeeka sasa na sitaki kudanganya tena. Niliogopa atakataa. Nilikuwa nimelijaza lile daftari vizuri, kila mstari, na pale katikati ya ukurasa palikuwa na jina moja lililobaki wazi, na mimi sijawahi kuvumilia nafasi iliyo wazi. Nikaweka tiki. Mimi niliyemrudisha mjane kwa herufi moja.

Binti alikuja jioni kuchukua karatasi zake. "Bibi amekubali?" akauliza, tayari anatabasamu.

"Mambo yote yako sawa," nikamjibu.

Alirudi kutoka Nairobi uso unang'aa. Kijana mmoja wa tawi letu ndiye aliyeingia majini kwa niaba ya babu, na yeye alisimama pembeni ya kisima cha ubatizo amevaa nyeupe, akasikia jina la babu yake likitamkwa lote. Alilia wakati ananisimulia, na mke wangu akamshika mkono, na mimi nilifurahi. Sikujifanya. Nilifurahi naye kwa siku mbili nzima, mpaka alipopanda Akheri na mkate na sukari kumpelekea bibi habari njema.

Jumapili baada ya ibada alinivuta kando.

"Mzee, bibi amekasirika. Anasema hakuulizwa."

Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo. Ninakumbuka nilikuwa nakifungua na kukifunga.

"Nilimwambia, bibi, Mzee alikuja akakuuliza. Anasema hukumuuliza." Akashusha sauti. "Bibi amezeeka, Mzee. Nafikiri ameanza kusahau."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, kama mlango. Ingetosha sentensi moja: bibi hasahau, mimi ndiye sikuuliza. Mke wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, amebeba mtoto wa mtu, na alikuwa anangoja kama yule binti alivyokuwa anangoja. Nikasema, "Wazee ndivyo tulivyo." Nilisema tulivyo, nikajijumuisha, ili isikike kama huruma.

Alhamisi tulipanda. Bibi alikuwa barazani, mikono mapajani, hakuna ndizi. Chupa ilikuwa mezani na vikombe vyake viwili. Nilimpa shikamoo akaitikia marahaba, kisha akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba.

"Nenda kaburini ukasome. Soma yote, kwa sauti, nisikie nikiwa hapa."

Nilikwenda. Mtu wa miaka sitini na saba, na tai shingoni, nikasimama mbele ya vigae nikasoma jina, nikasoma kuzaliwa, nikasoma kubatizwa, nikasoma kufariki. Niliporudi hakunikaribisha kukaa, nami sikukaa.

"Ya katikati uliiona siku ile?"

"Niliiona, bibi."

"Uliiandika?"

"Hapana."

Ndipo akatueleza. Mumewe alibatizwa akiwa kijana mkubwa. Baba yake ndiye aliyekuwa akishika matambiko ya ukoo, na aliposikia kijana ameingia majini kwa wamisionari wa wakati ule, alimfungia lango. Kihamba chake, shamba lake la urithi, akapewa mdogo wake. Alilala kwa mwalimu wa kanisa miezi mingi, akaenda kulima kahawa za walowezi, akavuna kahawa za watu miaka na miaka mpaka akanunua hiki kipande tulichokuwa tumesimama juu yake. Baba yake alikufa hajazungumza naye. Mumewe mwenyewe alipokuwa anaumwa, mwishoni, alimwita bibi akamwambia tarehe ile iandikwe kwenye jiwe, hata kama nyingine zitakosa nafasi.

"Ubatizo ule ulimgharimu baba yake," bibi akasema. "Ninyi mmekuja mkamwogesha tena kama mtu aliyekuwa mchafu."

Nikaanza kusema yale tunayofundishwa, kwamba marehemu ana hiari, kwamba kama hataki anaweza kukataa. Mke wangu alinigusa kiwiko lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Mume wangu alipokuwa hai alijua kukataa, hana haja ya kufundishwa," bibi akanikata. "Mimi niko hapa. Nina mdomo. Mmeniruka mimi mkaenda kwake."

"Nisamehe, bibi," nikasema.

"Ungeniuliza," akasema. Hakuinua sauti. Kisha akamgeukia mke wangu, akamwambia maziwa yanapoa, na tukalazimika kuketi kuyanywa, kikombe kizima, huku yeye akitutazama kama mwenyeji yeyote anavyotazama wageni wake. Sijawahi kunywa kitu kigumu kushuka kama yale maziwa.

Majuto ni mjukuu, walisema wazee, na mimi nilidhani nimeyapata yote siku ile. Lakini yalikuwa yanaanza tu. Lile neno nililoliacha litembee kanisani, kwamba bibi anasahau, lilipanda Akheri likamkuta nyumbani kwake. Mjukuu aliwaambia wajomba kwa nia njema. Wajomba wakaanza kumuuliza kama amekula, na akisema amekula wanafunua sufuria. Walimnyang'anya ufunguo wa stoo wakamwekea kwa jirani. Akisimulia jambo la zamani, walitazamana. Binti alimnunulia daftari dogo, akamwambia, "Bibi, uwe unaandika mambo, usisahau." Aliniambia mwenyewe, na nikasema ni wazo zuri. Mwanamke aliyeshika ukoo mzima kichwani bila kuteleza.

Kwenda Alhamisi tulipunguza. Nilijiambia ni kwa sababu ya kazi. Mke wangu alikwenda bila mimi mara kadhaa, na dada mmoja wa kanisani, akirudi na ndizi, na hakunisimulia walichozungumza. Nyumbani hakunisema. Miaka arobaini ya ndoa amenisema kwa mambo madogo sana, kwa viatu mlangoni, kwa redio, na kwa hili akanyamaza, nami nikajua ukubwa wake.

Wiki ya mwisho ya misheni yetu nilipanda kumuaga. Bibi alikuwa amepungua. Alinitazama nikija tangu kwenye mfereji mpaka barazani.

"Mnaondoka lini?"

"Jumatatu, bibi."

"Wanasema nasahau," akasema. Daftari lile dogo lilikuwa pembeni yake kwenye benchi, na kalamu ndani yake. "Watoto wangu wanasema, na huyu niliyemlea anasema. Wewe unajua kama nasahau."

"Husahau kitu chochote, bibi."

"Basi mwambie. Mimi nikisema, wanasema ni ule ule usahaulifu. Wewe wanakuamini, unavaa tai." Akalisukuma daftari kando. "Ninakuomba," akasema.

Nilimwahidi. Nilimshika mikono yote miwili nikamwahidi kwamba Jumapili, kabla sijaondoka, nitamwambia mjukuu wake. Akanimiminia maziwa.

Jumapili kanisani walituimbia. Binti alikuja na mfuko wa karatasi, ndani yake shati alilonishonea, la kitenge chenye rangi ya majani makavu, mikono mirefu kwa ajili ya baridi. Alikuwa amenikadiria kwa macho tu na lilinikaa sawasawa. "Mzee, wewe ndiye uliyenipa babu yangu," akasema mbele za watu. Wakapiga makofi. Nilivaa lile shati juu ya shati langu, nikashikana mikono na kila mtu, na jua lilipozama nilikuwa nimeshawaaga wote na sijasema kitu.

Kwenye basi, tulipopita Longido, mke wangu aliuliza, "Umemwambia?"

"Nitampigia simu."

Alitazama nje mpaka mpakani.

Sikupiga simu. Wiki iligeuka mwezi. Kisha ikaja simu kutoka kwake, analia, bibi amefariki, amefia kitandani kwake, wamemzika karibu na babu. Huwezi kumwambia mtu jambo kama lile siku ya msiba, nilisema, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya haki. Tukatuma rambirambi. Mke wangu alipika maziwa jioni ile akayaweka mezani bila majani, akanywa yake, akaenda kulala.

Kwa utaratibu wetu lazima upite mwaka mzima baada ya kifo ndipo jina liweze kupelekwa. Mwaka ulipokwisha binti alipiga. Nilisikia cherehani nyuma yake, labda alikuwa amekanyaga pedali bila kujua. Alikuwa na furaha ya upole.

"Mzee, nataka kumpeleka bibi. Wajomba wameniachia mimi niamue. Nimefikiri sana, maana mara ile alikasirika. Lakini najua alimkubalia babu, ingawa baadaye alisahau. Aliyemkubalia babu hawezi kukataa kwa ajili yake mwenyewe. Si ndiyo, Mzee?"

Nilikuwa nimeketi uani na lile shati la kitenge mwilini. Mke wangu alikuwa akianua nguo, akaacha.

"Hakukubali," nikasema. "Sikumuuliza. Ile ruhusa niliijaza mimi."

Cherehani ilinyamaza.

Nikamwambia yote. Mvua, kiswaswadu, swali la kompyuta. Nikamwambia Jumapili ile ya kitabu cha nyimbo, na ahadi niliyompa bibi barazani. Sauti yangu ilitoka kama ya wale watu waliokuwa wakisimama nje ya dirisha langu ofisini, wakieleza kwa nini barua hawana. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo bibi hakuwa anasahau," akasema.

"Hakuwahi kusahau kitu."

"Nilimnunulia daftari, Mzee."

"Ninajua."

"Tulimnyang'anya ufunguo." Alipumua. "Daftari ninalo hapa. Aliandika. Nilifikiri amenakili mahali, sikulisoma vizuri. Ni majina. Yote, tangu yule wa kwanza, kwa mpangilio."

Mke wangu alikuwa amesogea, nguo zimemjaa mikononi. Nilitaka kusema pole na nikaona neno lenyewe ni dogo.

"Naomba," nikasema, "unisomee mstari wa babu yako."

Nikasikia akifunua kurasa. Kisha akasoma jina lote, polepole, na baada ya jina akasoma tarehe. Zilikuwa tatu.